Naendesha bila leseni: Miaka mitano ya kuishi nikitafuta choo

Hebu niambie kama hii hujaiona. Uko ndani ya matatu, Thika Road, saa moja na nusu asubuhi, jam imeshika tangu Roysambu. Kuna msichana kiti cha nyuma amefunga macho. Anatokwa na jasho na dirisha liko wazi. Mkifika Allsops anaruka nje kabla gari halijasimama vizuri, hata chenji hajaomba. Makanga anacheka, "Huyo amesahau pasi kwa stima," na gari zima linacheka naye.

Huyo msichana ni mimi. Na pasi sina.

Niko na tumbo la kuhara. Si la jana, si la ile smokie ya jioni pale steji. Ni la miaka mitano sasa. Hapa mtaani tunasema kuendesha, na ukisema "naendesha" mbele ya watu hakosi mjanja wa kukuuliza una gari aina gani. Siku hizi mimi humjibu kwamba naendesha bila leseni, tunacheka, halafu naenda nilikokuwa naenda. Lakini ilinichukua muda mrefu sana kufika hapo kwa jibu hilo, na kuna vitu nilipoteza njiani, kwa hivyo vumilia stori.

Kwanza tuelewane. Shirika la Afya Duniani linasema kuhara ni kwenda choo laini au cha maji mara tatu au zaidi kwa siku. Tumbo la kawaida la kuhara huisha lenyewe kwa siku chache. Likipita wiki nne, madaktari huliita sugu, na hapo mambo hubadilika, kwa sababu hutafuti tena ulikula nini jana. Unatafuta mwili wako una nini.

Langu lilianza nikiwa mwaka wa pili chuoni, hapa Nairobi. Kwa hosteli yetu maji yalikuwa yanakuja siku mbili kwa wiki. Siku zingine tunanunua ya mtungi kwa jamaa wa mkokoteni, na hakuna aliyewahi kumuuliza ameyatoa wapi. Wiki moja karibu nusu ya wasichana wa orofa yetu tuliugua: kutapika, homa, kuhara, kila kitu. Wenzangu walipona kwa siku nne. Mimi homa iliisha, kutapika kukaisha, tumbo likabaki. Nikangoja litulie. Mwezi ukaisha, muhula ukaisha.

Ukiwa na shida kama hii utagundua haraka kwamba kila mtu ana dawa na hakuna mtu ana maswali. Shosho alisema nitafune mapera mabichi. Rafiki yangu akasema ni kurogwa, tena hakuwa anatania. Kwa kemisti nilikuwa sijamaliza sentensi ya kwanza kabla ya jamaa kugeuka kwa rafu. Kwa maabara ile ndogo karibu na steji walinitoa damu, nikakaa kidogo kwa benchi, nikapewa karatasi: taifodi. Mwezi wa pili, taifodi tena. Kwa mwaka mmoja niliambiwa nina taifodi mara nne na amiba mara mbili. Kwa hesabu hiyo ningekuwa nimezikwa.

Manze, kama kuna kitu kimoja ningependa utoke nacho hapa ni hiki. Kile kipimo cha damu cha haraka kinaitwa Widal, jina la daktari Mfaransa aliyekieleza mwaka wa 1896. Hakimwoni bakteria wa taifodi. Kinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili uliwatengeneza kupigana na bakteria huyo. Sasa, askari hao hubaki kambini hata vita vikiisha. Kama uliugua zamani, au ulichanjwa, au una maambukizi mengine tofauti, kipimo kinaweza kusema ndiyo na huna taifodi yoyote. Kipimo cha kuaminika zaidi ni kuotesha bakteria kutoka kwa damu yako maabarani, na hiyo huchukua siku kadhaa, si dakika ishirini. Tena taifodi kwa kawaida huja na homa inayopanda na kukaa. Mimi homa sikuwa nayo tangu ile wiki ya kwanza. Hakuna aliyeniuliza.

Kwa hivyo nilimeza antibiotiki. Nilimeza metronidazoli, ile inayokuachia ladha ya chuma mdomoni, mpaka nikaizoea kama peremende. Jambo nililokuja kujua baadaye ni kwamba antibiotiki zenyewe huweza kuharisha, maana zinaua pia bakteria wazuri wanaoishi kwenye utumbo. Nilikuwa namwagia moto mafuta na nalipa pesa ya mafuta.

Halafu kukaja mtihani. Sheria ya chumba ilikuwa hakuna kutoka nusu saa ya kwanza. Dakika kumi na tano, tumbo likaamka. Nikainua mkono. Msimamizi akaja, akainama, akaniambia kwa sauti ya chini, na kwa upole kabisa, "Dada, si ungeenda kabla?" Nilikuwa nimeenda kabla. Mara nne. Nikatoka hivyo hivyo na sikurudi. Karatasi ilisahihishwa ikiwa na jina langu na nusu ya swali la kwanza. Sikulaumu mtu. Chuo kingetaka barua ya daktari, na mimi nilichokuwa nacho ni faili ya karatasi za taifodi.

Muhula uliofuata sikujisajili. Nyumbani nilisema kozi imenishinda. Mathe alilia kidogo, akasema Mungu ana mipango yake. Babangu hakuniongelesha karibu miezi miwili. Kozi haikunishinda. Nilikuwa napita vizuri tu. Lakini ni rahisi kuwa mtoto aliyeshindwa na hesabu kuliko kuwa mtoto aliyeshindwa na choo, ama ndivyo nilivyoona nikiwa na miaka ishirini na moja.

Aliyenitoa huko hakuwa profesa. Alikuwa afisa wa kliniki kwenye hospitali ya umma, kijana tu, foleni nje imefika kwa geti, na bado alinipa dakika kumi za maswali. Je, tumbo hukuamsha usiku ukiwa umelala fofofo? Umeona damu? Nguo zimekulegea? Kuna mtu kwenu aliugua saratani ya utumbo? Maumivu hupungua ukishatoka chooni? Unameza dawa gani zingine? Unakunywa chai vikombe vingapi, na maziwa kiasi gani? Hilo la chai nilidhani ananipigia stori.

Nikapimwa vizuri. Choo kiliangaliwa kwa hadubini kutafuta amiba na giadia, kile kidudu kingine cha maji machafu ambacho kinaweza kukaa tumboni miezi. Damu iliangaliwa kama imepungua. Nikapimwa virusi vya Ukimwi, kwa sababu kuhara kwa muda mrefu kunaweza kuwa dalili, na usiogope hicho kipimo, ni afadhali ujue. Tezi ya shingoni pia, maana ikifanya kazi kupita kiasi huharakisha tumbo. Mwisho kipimo cha choo kinachotafuta kalprotektini, protini inayoongezeka utumbo ukiwa na uvimbe au vidonda. Hicho hakikuwa pale, nikachanga pesa miezi miwili nikaenda maabara ya kibinafsi.

Kila kitu kilitoka safi. Nilikaa kwa ngazi za hospitali nikalia, na si kwa furaha. Nilitaka wapate kitu. Ukiambiwa huna kitu na wewe umeacha shule, unabaki ukijiuliza kama wewe ndiye uongo.

Yule afisa akanieleza kwamba huna kitu na huna ugonjwa ni mambo mawili. Jina lake kwa kifupi ni IBS. Utumbo hauna kidonda wala mdudu, ila mawasiliano yake na ubongo yamevurugika. Neva zake zinahisi kupita kiasi, misuli inasukuma chakula haraka kuliko inavyofaa. Na kuna watu huipata baada ya maambukizi makali ya tumbo, takriban mtu mmoja kati ya kumi. Nikakumbuka wale wenzangu wa hosteli waliopona kwa siku nne. Hakuna kidonge cha kuimaliza. Inaongozwa tu, kama ng'ombe mkaidi.

Akaniambia nianze na kitu kimoja: wiki mbili bila maziwa.

Sasa wewe ni Mkenya, unajua alichoniomba. Hapa kwetu chai ya maziwa si kinywaji, ni karibu kitambulisho. Lakini maziwa yana sukari inayoitwa laktosi, na ili uisage unahitaji kimeng'enya kinachoitwa laktezi. Watu wazima wengi duniani, kimeng'enya hicho hupungua wakishatoka utotoni. Laktosi isiyosagwa inateremka mpaka utumbo mpana, inavuta maji, bakteria wanaichachusha, gesi inajaa, na wewe unaruka Allsops. Mwaka wa 2007 mwanasayansi Sarah Tishkoff na wenzake walichapisha utafiti uliohusisha watu 470 wa jamii 43 za Kenya, Tanzania na Sudan. Walipata kwamba wafugaji wengi wa huku wana mabadiliko ya jeni yanayowawezesha kunywa maziwa ukubwani, na mabadiliko hayo ni tofauti na yale ya Wazungu. Yalitokea huku huku, kwa watu walioishi na ng'ombe. Mababu zangu, inaonekana, walikuwa watu wa viazi.

Baada ya wiki mbili nilikuwa nimetoka safari nane kwa siku hadi nne. Maziwa hayakuwa shida yote, lakini yalikuwa nusu yake. Maziwa lala kidogo nayaweza, kwa sababu bakteria wa kugandisha wameshakula sehemu ya laktosi. Ya kawaida, hapana.

Na hapa ndipo niliposafiri hadi Ol Kalou. Jamaa niliyekuwa naye wakati huo alitaka nikutane na mamake. Nyandarua, boma la ng'ombe watatu wa gredi, na mama ametengeneza chai ya maziwa matupu, haijaguswa na maji. Anamimina kutoka kwa thamosi ananiambia, "Kunywa mama, hii si ya paketi." Ungefanya nini? Nilikunywa. Vikombe viwili, kwa heshima.

Choo kilikuwa nje, na njia ya kwenda huko inapita mbele ya mlango wa jikoni ambapo shangazi zake watatu walikuwa wanamenya viazi. Kabla ya chakula cha mchana nilikuwa nimepita hapo mara tano. Chakula chenyewe nikakionja tu. Nikaona wanaangaliana, na nikajua wanahesabu, na hawahesabu safari zangu, wanahesabu miezi. Jioni mama akaniita kando. "Msichana wangu, si uniambie tu. Ni miezi mingapi?"

Nikamwambia, "Mama, si mimba. Ni maziwa." Nikamweleza yote, nikiwa nimesimama kwa giza kando ya zizi. Aliniangalia kwa muda, akasema, "Na mbona hukusema ukiwa mlangoni?" Akarudi ndani, nikasikia anawaambia wale wengine, kukawa na kicheko, halafu akaja na kikombe cha strungi na sahani ya viazi vya kuchemsha. Mimi na yule jamaa tuliachana mwaka uliofuata kwa sababu zingine kabisa. Hiyo strungi bado naikumbuka.

Tangu siku hiyo husema nikiwa mlangoni. Na ndiyo maana naandika hii.

Basi, maisha yenyewe yanaendaje? Nilianza na daftari. Nilichokula, saa ngapi, tumbo lilifanya nini, nililala vipi, nilikuwa na presha ya nini. Mwezi mmoja tu na nikaona mwenyewe. Kahawa asubuhi tumbo tupu, kosa. Vile vinywaji vya kopo vya kukesha, kosa kubwa. Chingamu isiyo na sukari, hiyo ilinishangaza, lakini nyingi zina sorbitoli, ambayo huvuta maji tumboni. Maharagwe na githeri, kilio. Vitunguu, kilio kikubwa, na wewe tafuta kibanda Nairobi kinachopika bila vitunguu unipigie simu.

Kuna mpango wa chakula unaoitwa FODMAP, ulitengenezwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash, Melbourne, kwa watu kama mimi. Unaondoa vyakula vyenye sukari zinazochachuka haraka kwa wiki chache, kisha unavirudisha kimoja kimoja kuona ni kipi adui. Wengi hukosea hapo, wanaondoa kila kitu na hawarudishi, wanabaki wakila wali mkavu hadi wanakonda. Kirudishe. Habari njema ni kwamba chakula chetu si kibaya: ugali wa mahindi, wali, viazi, mayai, samaki, sukuma wiki, mchicha, vyote vinakubalika kwangu. Kitunguu nimebadilisha na yale majani ya kijani ya kitunguu cha majani, ladha ipo na tumbo halijui. Chapati ni Jumapili, moja. Sijakubali kuishi bila chapati.

Kwa begi kila siku kuna tishu, chupi moja, sabuni ndogo, pakiti ya ORS na sarafu. Sarafu ni muhimu kuliko zote, maana choo cha tao ni shilingi kumi au ishirini na huwezi kuanza kungojea chenji. Nina ramani kichwani. Aga Khan Walk, Jeevanjee, vyoo vya mall ambavyo ni bure ukitembea kama mtu anayeenda kununua friji, petroli stesheni ambapo unasalimia kwanza ndipo unaomba ufunguo. Kwa keja nina mitungi mitatu ya lita ishirini imejaa kila wakati, kwa sababu Zimmerman maji yakikatika wengine hukosa kufua, mimi hukosa heshima.

Siku mbaya nikipoteza maji mengi natumia ORS. Ukikosa pakiti, chemsha maji lita moja, yapoe, weka vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vipimo sawa, visiwe vya kilima. Usiongeze chumvi ukidhani unasaidia. Loperamidi, kile kidonge cha kufunga, nakitumia siku ya safari au mkutano, kwa kipimo nilichopewa. Usikimeze kama unaona damu au una homa, na usizidishe, kwa kuwa kipimo kikubwa kinaweza kuvuruga mapigo ya moyo.

Na usisome hii ukajipa jina la ugonjwa wangu. Kama kuna damu kwenye choo, kama unakonda bila kujaribu, kama tumbo linakuamsha usiku, kama kuna homa, au umeambiwa damu imepungua, hiyo si IBS mpaka daktari aseme. Inaweza kuwa vidonda vya utumbo, kifua kikuu cha tumbo, au mengine yanayotibika ukiwahi. Nenda na daftari lako. Mwambie daktari idadi: mara ngapi, tangu lini, rangi gani. "Tumbo linanisumbua" haimwambii kitu.

Kazini niliwaambia wiki ya kwanza. Naandikia kampuni moja ndogo, nakaa meza iliyo karibu na mlango, na kwenye mikutano mirefu kila mtu anajua nikiinuka hakuna haja ya kuuliza. Kulikuwa na vichekesho siku mbili, halafu vikaisha. Mwezi wa tatu jamaa wa hesabu akanifuata kwa kona ya chai, akaangalia nyuma kwanza, akaniuliza, "Hiyo yako ilianza vipi?" Yake ina miaka saba. Na wewe unayesoma hii ukiwa umekaa pale pale chooni, najua uko.

Kuhusu chuo, nimeandika barua ya kuomba kurudi, na safari hii nimeambatanisha barua ya daktari inayosema ukweli, pamoja na ombi la kukaa kiti cha karibu na mlango siku ya mtihani. Bado sijajibiwa.

Mathe, najua shangazi atakutumia hii kabla ya saa sita. Kozi haikunishinda. Mwambie Baba pia, mimi nitamwambia mengine nikija. Na Disemba usinipikie chai ya wote. Yangu iwe ya rangi.